Fyuzi ya taa za tela ikiungua kila mara: balbu, multimita au fyuzi nyingine?

Mwenye pikapu anayevuta tela anaifahamu hali hii. Taa ziliwaka vizuri nyumbani, akaingia njiani, akakanyaga breki au akawasha taa ndogo, na mara taa za nyuma zikazimika zote, za tela pamoja na za gari lenyewe. Anafungua kisanduku cha fyuzi, anakuta moja imeungua, anaweka nyingine, nayo inaungua papo hapo. Kuanzia hapo zipo njia nne ambazo watu huzitumia kutafuta hitilafu: kuendelea kubadilisha fyuzi huku wakitenganisha kitu kimoja baada ya kingine, kuweka balbu mahali pa fyuzi, kupima kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia volti na ukinzani wa umeme, na kuweka sakiti breka, swichi ya kinga inayokata umeme kisha kujirudisha yenyewe. Ipo pia ya tano, ya kuweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya, ambayo nitaieleza kwa sababu tu ndiyo inayoharibu magari. Nimezitumia zote nne kwenye pikapu yangu ya kabini moja ninayobebea mbao kati ya Mafinga na Iringa, na ninaamini kwamba hakuna iliyo bora kwa kila shoti, yaani kila mahali waya wenye umeme unapogusa chuma au waya mwingine. Swali la kujiuliza kwanza ni kama shoti ipo muda wote au huja na kuondoka.

Kabla ya kushika kifaa chochote

Chomoa plagi ya tela, weka fyuzi mpya yenye ampea zilezile, kisha washa taa. Fyuzi ikibaki nzima, hitilafu iko kwenye tela au kwenye kebo yake, na umeondoa nusu ya kazi kwa dakika moja. Ikiungua hata tela ikiwa imechomolewa, basi tafuta kwenye pikapu, ukianzia kwenye soketi iliyo chini ya bampa, kwa kuwa hapo ndipo matope na maji hukaa na pini huota kutu ya kijani inayounganisha pini moja na ya jirani.

Baada ya hapo, kumbuka fyuzi iliungua wakati gani. Ikiungua mara tu unapowasha taa ndogo, waya wa taa ndogo umegusa bodi. Ikiungua unapokanyaga breki, ni waya wa breki. Ikiungua unapokata kona huku unarudi nyuma, kebo inabanwa au inavutwa pale kwenye kiungio. Ikiungua kwenye matuta, waya unasuguliwa mahali fulani na chuma, mara nyingi karibu na springi au kwenye tundu la fremu lisilo na mpira wa kukinga waya. Ikiungua baada ya mvua, fungua holda za taa na soketi. Ikiungua baada ya dakika kadhaa za mwendo mtulivu, huenda si shoti kabisa, bali ni mzigo uliozidi au miguu ya fyuzi iliyolegea na kupata joto.

Mzigo unaweza kupigiwa hesabu. Balbu ya taa ndogo ni wati 5 na ya breki au indiketa ni wati 21. Kwa volti 12, balbu ya wati 21 hula ampea 1.75, na ya wati 5 haifiki nusu ampea. Taa ndogo nane za wati 5, za gari na tela kwa pamoja, ni wati 40, yaani ampea kama 3.3, ambazo fyuzi ya ampea 10 hubeba bila taabu. Taa nne za breki ni wati 84, sawa na ampea 7. Hazadi, yaani indiketa zote zikiwaka kwa pamoja, ndizo zinazokaribia ukomo: balbu sita za wati 21, nne za gari na mbili za tela, ni wati 126, yaani ampea 10.5, ingawa kwa kuwa zinawaka na kuzimika fyuzi hupata nafasi ya kupoa. Kwa hiyo kama tela yako ina taa za kawaida na fyuzi ya taa ndogo inakatika, usilaumu wingi wa taa. Lakini kama umeongeza taa za pembeni na taa ya kushushia mizigo usiku, ukaziunga kwenye waya uleule, piga hesabu kwanza.

Jambo moja zaidi huwapotosha wengi. Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri, na ikiwa mbovu kwenye tela, yaani waya wake mweupe umekatika au bolti ina kutu, kwa kawaida haiunguzi fyuzi. Dalili yake ni taa kufifia, au indiketa ya kushoto kuwashawasha taa ndogo kwa sababu umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu nyingine. Ukiona hayo na fyuzi ni nzima, makala haya hayakuhusu, safisha ethi.

Kubadilisha fyuzi huku ukitenganisha

Njia hii haihitaji kifaa, na ndiyo sababu watu huikimbilia. Unachomoa tela, unajaribu. Unarudisha tela lakini unatoa taa ya kushoto, unajaribu. Unatoa ya kulia, unajaribu. Kila jaribio linaloshindwa linakugharimu fyuzi moja. Kwa mtu aliyekwama barabarani akiwa na pakiti ya fyuzi kumi na bisibisi, ni njia halali kabisa, na mara nyingi jibu hupatikana kwenye fyuzi ya tatu au ya nne.

Udhaifu wake ni kwamba fyuzi inakupa habari kwa sekunde moja tu kisha inakufa. Huwezi kutikisa waya na kuona mabadiliko, kwa sababu umeme umeshakatika. Kwa shoti inayokuja na kuondoka njia hii haifai hata kidogo: utaweka fyuzi, itakaa, utaamini umetengeneza, na baada ya kilomita ishirini utakuwa gizani tena. Hata hivyo, iliyoungua usiitupe kabla ya kuitazama. Utepe uliokatika katikati taratibu bila masizi huashiria mzigo uliozidi kidogo, na plastiki iliyopakwa weusi ndani huashiria shoti kali. Kama ni plastiki yenyewe iliyoyeyuka kwenye miguu ilhali utepe ni mzima, ugonjwa uko kwenye kisanduku cha fyuzi.

Balbu mahali pa fyuzi

Hii ndiyo ninayoichagua mara nyingi, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu watu wengi wameisikia lakini wanaifanya vibaya kisha wanaidharau.

Chukua fyuzi iliyoungua ya aina ileile, chomelea kwa risasi nyaya mbili kwenye miguu yake, na mwisho wa nyaya hizo weka holda yenye balbu. Fyuzi iliyokufa inakuwa plagi inayoingia kwenye kisanduku bila kulegea, na balbu unaining'iniza kwenye usukani ili uione ukiwa nyuma ya gari kupitia mlango ulio wazi. Sasa umeme wote wa saketi ile unapita kwenye balbu. Shoti ikiwepo, balbu inawaka kwa nguvu zake zote, lakini waya hauungui, kwa sababu balbu ya wati 21 haiwezi kupitisha zaidi ya ampea mbili hivi, kiasi ambacho waya wa taa hubeba siku nzima. Unaweza kufanya kazi kwa saa nzima bila kupoteza fyuzi hata moja, ukitikisa, ukivuta na ukichomoa, huku shahidi wako anawaka mbele yako. Pale utakapoigusa sehemu yenye ugonjwa, balbu itazimika.

Kosa linalofanyika ni kuacha taa zote mahali pake. Saketi ya breki yenye balbu nne za wati 21 ikipata umeme kupitia balbu moja ya wati 21, ile moja ndiyo inayochukua karibu volti zote, na itawaka kana kwamba kuna shoti, hata kama nyaya ni nzima. Fundi asiyejua hilo atafungua tela nzima akitafuta kitu ambacho hakipo. Dawa ni kuondoa balbu zote za saketi hiyo, za gari na za tela, kabla ya kuanza. Zikishaondolewa, balbu ya kupimia haina sababu ya kuwaka. Ikiwaka, umeme unavuja. Kama kuzitoa ni tabu, kwa mfano taa zimefungwa kwa skrubu zilizoshika kutu, tumia balbu kubwa ya taa ya mbele ya wati 55, ambayo haitawaka vizuri kwa mzigo wa kawaida wa taa ndogo lakini itawaka sana kwa shoti. Itakulazimu kukadiria kwa macho, na ndiyo sababu napendelea kutoa balbu.

Kwa saketi ya breki, pedali lazima ibaki imekanyagwa. Kipande cha ubao kati ya kiti na pedali kinatosha, ukiwa peke yako.

Nilivyoiamini njia hii ni hivi. Tela yangu ilikuwa ikikata fyuzi ya taa ndogo kwenye barabara ya vumbi tu, kamwe si kwenye lami, na nikiifikisha gereji inakaa kimya. Mafundi wawili walipima wakasema ni nzima. Siku moja nilitoa balbu zote, nikaweka ya kupimia, ikabaki giza kama ilivyotakiwa. Nikamwambia mwanangu apande kwenye tela na kurukaruka upande wa kushoto. Balbu ikapepesa mara moja, ikazimika, ikapepesa tena. Nikalala chini ya tela kwa tochi huku yeye akiendelea kuruka, nikafuata waya kwa vidole, na juu ya springi ya kushoto nikakuta ganda la waya limeliwa kwa urefu wa ukucha, shaba ikionekana safi kama imepigwa msasa, na kwenye chuma cha fremu palikuwa na alama ndogo nyeusi ya cheche. Tela ikiwa imesimama, waya ulikuwa mbali na chuma kwa upana wa njiti ya kiberiti. Hakuna mita ambayo ingeliona lile pengo.

Multimita

Multimita inashinda balbu kwa mambo mawili: haihitaji umeme kwenye saketi, na inatoa namba. Toa fyuzi, weka mita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, gusa mguu wa fyuzi ule unaoelekea kwenye taa, na mguso wa pili uweke kwenye chuma kisafi cha bodi. Hakikisha umechagua mguu sahihi, kwa maana wa upande wa pili unatoka kwenye betri. Kama taa zinapitia swichi, iwashe swichi hiyo, la sivyo utapima waya unaoishia kwenye dashibodi. Wengi huona ni rahisi zaidi kupimia kwenye plagi ya tela iliyochomolewa, pini moja baada ya nyingine dhidi ya pini ya ethi, na hapo ndipo kifaa hiki kinapong'ara: kwa dakika mbili umejua ni waya gani kati ya saba.

Lakini hapa pia balbu zinadanganya. Balbu ya wati 21 ikiwa inawaka ina ukinzani wa omu kama 7, ila ikiwa baridi ukinzani wake hushuka hadi chini ya omu moja. Ukiipima pamoja na nyaya, mita italia na kuonyesha karibu sifuri, na utasema umepata shoti kumbe umepima balbu nzima. Nimeona tela ikikatwa nyaya kwa sababu ya mlio huo. Toa balbu. Kwa taa za LED mambo hugeuka: mita huweza kuonyesha kwamba hakuna njia kabisa, kwa kuwa volti yake ndogo haitoshi kuziamsha, na usomaji huo haumaanishi kwamba taa ni mbovu.

Udhaifu wa pili ni kwamba mita hupitisha umeme kidogo mno. Unyevu kwenye soketi na waya unaogusa chuma chenye rangi au kutu unaweza kuonekana salama kwa mita, kisha ukashindwa pale volti 12 zinapoingia. Kwa shoti iliyotulia, isiyohama, chagua mita. Kwa shoti inayokuja na mtikisiko, chagua balbu, kwa sababu jicho huona pepeso fupi kuliko namba za mita zinavyoweza kubadilika.

Katika pikapu mpya ambazo taa zake huendeshwa na kompyuta ya bodi, uamuzi unabadilika. Kompyuta hiyo huweza kukata umeme yenyewe inapohisi shoti, bila fyuzi kuungua, na balbu ya kupimia huweza kuichanganya. Kwa magari hayo pima kwa mita upande wa tela ukiwa umeichomoa, na upande wa gari mwachie fundi mwenye kifaa cha kusomea kompyuta.

Sakiti breka inayojirudisha

Hii hukata umeme inapopata joto, ikipoa inarudisha, na kuendelea hivyo. Ikiwekwa mahali pa fyuzi, waya wenye shoti hupitisha umeme kwa vipindi, na ukisogeza dira ndogo kandokando ya waya, sindano yake huruka kila umeme unapopita. Ukishavuka mahali penye shoti sindano hutulia. Ni njia nzuri kwa nyaya zilizofichwa ndani ya bomba la fremu, ambako macho hayafiki. Breka lazima iwe na ampea zilezile za fyuzi, na isiachwe ikifanya kazi kwa muda mrefu, kwa kuwa kila kipindi kinapasha waya joto. Kwa mwenye gari wa kawaida sioni haja ya kuinunua. Kwa gereji inayopokea tela kila wiki, ina faida.

Fyuzi kubwa au kipande cha waya

Fyuzi ipo kwa ajili ya kuukinga waya. Ukitoa nyekundu ya ampea 10 ukaweka ya njano ya ampea 20 au ya kijani ya 30, shoti haijaondoka. Umehamisha tu mahali pa kuungulia, kutoka kwenye kipande cha bei ndogo hadi kwenye mkungu wa nyaya unaopita chini ya kapeti, karibu na bomba la mafuta. Fundi mmoja wa njiani aliwahi kunifungia uzi wa shaba ili nifike. Nilifika, lakini kuanzia kwenye dashibodi hadi taa ya nyuma, nyaya sita zilikuwa zimeyeyuka zikashikana kuwa kitu kimoja, na gharama ya kuzibadilisha ingeninunulia fyuzi za maisha yangu yote. Ukiwa umekwama na giza linaingia, chomoa tela, iache mahali salama, uirudie kesho.

Unapounga upya, usiamini rangi

Soketi ya mviringo ya pini saba iliyozoeleka kwetu hufuata kiwango cha ISO 1724: pini ya 1 ni njano, indiketa ya kushoto, ya 2 bluu, taa ya ukungu, ya 3 nyeupe, ethi, ya 4 kijani, indiketa ya kulia, ya 5 kahawia, taa ndogo ya kulia, ya 6 nyekundu, breki, ya 7 nyeusi, taa ndogo ya kushoto. Tela ya Kimarekani yenye plagi bapa ya nyaya nne ina nyeupe kwa ethi, kahawia kwa taa ndogo za pande zote, na njano na kijani ambazo kila moja hubeba indiketa na breki kwa pamoja. Anayeziunga hizi mbili kwa kufuata rangi atabaki na waya mwekundu usio na mwenzake, na akiuunga kwa kubahatisha, breki itaingia kwenye saketi ya indiketa. Tela zilizotengenezwa mitaani huwa na rangi yoyote iliyokuwepo dukani siku hiyo. Pima kazi ya kila waya, kisha uandike kwenye kipande cha tepu.

Kiraka, kebo mpya au relei

Mahali pamoja tu palipokwaruzwa, kwenye kebo iliyobaki laini, panahitaji kiraka: kata, unga kwa risasi, vika mpira unaosinyaa kwa joto, kisha hamisha waya mbali na chuma kilichoukwaruza. Tepu nyeusi peke yake haitoshi, kwa sababu gundi yake huyeyuka juani na baada ya miezi michache inafunguka. Kebo iliyokakamaa na kupasuka kila unapoikunja usiipige viraka. Badilisha yote kuanzia plagi hadi nyuma, na weka mipira kwenye matundu ya fremu.

Lililo muhimu zaidi ni namna tela inavyopata umeme. Pikapu nyingi zimeungwa moja kwa moja: waya wa taa ya gari umechunwa na wa tela ukasokotwa juu yake. Ni rahisi, lakini shoti ya tela inazima na taa za nyuma za gari, na lori linalokuja nyuma yako usiku halioni chochote. Kwa mpango wa relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi, nyaya za taa za gari zinaamsha relei tu, na umeme wa tela unatoka kwenye betri kwa waya wake wa milimita za mraba 2.5, wenye fyuzi yake ya ampea 15 iliyofungwa karibu na betri. Anayevuta tela mara mbili kwa mwaka anaweza kuishi na muungo wa moja kwa moja, mradi uwe safi. Anayevuta kila wiki, au usiku, afunge relei. Yangu niliifunga mara tu baada ya kuutengeneza ule waya wa springi, na tela ilipopiga shoti tena msimu wa mvua uliofuata, safari hii kwenye holda ya kulia iliyojaa maji, taa za pikapu ziliendelea kuwaka hadi nilipoegesha pembeni.